Kuuzika Mzabibu

Jumapili, 30 Oktoba 2016

Mama amenuna tangu asubuhi kwa sababu sikwenda kanisani. Nilikuwa juu ya ngazi nyuma ya nyumba, nikifunga matawi ya mzabibu kwa vipande vya soksi kuukuu, na Mzee Asen ameketi chini kwenye kiti cha plastiki akiniamrisha. "Si hapo, binti. Juu. Sasa umezidi, umefika Kenya, rudi."

Mzee Asen ni mwenye nyumba wetu hapa Rosettenville, Johannesburg. Ni Mbulgaria. Kiswahili alikipata Dodoma, alikokuwa akifundisha kilimo cha zabibu enzi zile, kwa hiyo anaongea Kiswahili cha darasani, kisafi kuliko changu mimi mtu wa Bukavu. Kila asubuhi anangoja nimwambie shikamoo. Kila asubuhi namwambia, "Jambo, Mzee," kwa sababu kwetu hatuna hiyo shikamoo, na yeye anatikisa kichwa kwa huzuni ya uongo na kusema Wakongo hawakulelewa.

Mimi na Mama tunakaa chumba cha nyuma. Kazi yangu ni kusuka nywele, saluni iko karibu na robot, taa za barabarani, lakini tangu mkewe Radka afariki mwezi wa tano ninampikia supu na kumfulia. Supu tu, kwa sababu vitu vigumu havipiti tena kooni. Daktari alimwambia hataiona baridi ijayo ikiisha. Alinieleza habari hiyo huku akinoa mkasi wa kupogolea, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na upepo.

Anataka kitu kimoja. Kwao, mtu akitimiza mwaka kaburini, humwagiwa divai nyekundu juu ya udongo kwa alama ya msalaba. Radka atatimiza mwaka tarehe sita Mei. Mzee anataka ammwagie divai ya mizabibu hii, ya msimu huu. "Ya zamani aliikanyaga mwenyewe, anaijua," aliniambia. "Nataka ajue kwamba mizabibu haikufa naye."

Mama aliporudi kanisani alinikuta bado niko juu ya ngazi. "Siku ya Bwana unaenda kufungia muzungu pombe yake?"

Yeye ndiye asiyestahili kuniuliza hivyo. Alitulea kwa kasiksi, pombe ya ndizi, mtaani Kadutu kule Bukavu, na wanywaji walikuwa wanavuka mji mzima kufuata mkono wake. Akaokoka. Sasa akisoma habari za arusi ya Kana anaruka pale maji yanapogeuka divai.

Jumatano, 9 Novemba

Mafuriko. Magari yameelea barabarani kama masufuria. Nimelala saluni.

Jumapili, 20 Novemba

Mizabibu imetoa maua. Nilitegemea maua ya maana, kumbe ni vumbi la kijani. Mzee alinusa kwa muda mrefu, macho amefumba, nikaona aibu kuwa pale.

Mizabibu hii inaitwa gamza. Inatoka kaskazini mwa nchi yake, karibu na mto Danubi, ambako baridi ni kali hadi mzabibu unapasuka. Kwa hiyo wazee wao kila mwaka, kabla ya theluji, huulaza mzabibu chini na kuufukia kwa udongo kabisa, na baridi ikiisha huufukua. Aliposema "tunauzika" nilidhani Kiswahili kimemponyoka. "Hapana," akasema. "Tunauzika. Ndilo neno."

Johannesburg haina baridi ya kuua mzabibu. Lakini Radka alikuwa akiufukia kila Mei vilevile, chungu ya udongo kila shina. Na alivileta vijiti vya kwanza kutoka kwao ndani ya soksi alizovaa, akavuka navyo viwanja vya ndege vitatu akichechemea, na askari wakamwonea huruma kwa mguu wake.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Binti yake Elena, aliyeko Sofia, ametuma chupa ya gamza ya huko kwao. Mzee aliiweka kidogo kwenye friji, akanimiminia. Nilidhani ameichanganya na maji. Unaweza kusoma gazeti kupitia glasi. Ina ladha ya forosadi zisizoiva vizuri, na halafu kitu kama harufu ya udongo baada ya mvua, kisha imekwisha, mdomo uko safi.

"Divai za huku zimekula jua sana," alisema. "Zina misuli. Hii yetu imekulia kwenye baridi, ni nyembamba, ni mtoto wa maskini. Watu wanaicheka. Lakini unaweza kuinywa na supu, na unaweza kuinywa na huzuni, haikugombezi."

Yeye alilowesha midomo tu. Mama aliona glasi mkononi mwangu kupitia dirishani, akavuta pazia. Huo ni ugomvi mkubwa kuliko kelele.

Jumapili, 8 Januari 2017

Leo nimefanya kosa, na sijui nitalirekebisha vipi.

Saa tisa mchana mbingu iligeuka kijani. Mtu aliyekaa Joburg anajua maana yake. Mzee alitoka ndani na pajama akipiga kelele, "Mawe! Mawe!" na mara mvua ya mawe ikaanza kugonga mabati. Vishada vilikuwa bado vidogo na vigumu. Aliburuta shuka lake la kitanda, akaanguka magotini, akajaribu kulirusha juu ya waya, akashindwa. Nilikimbilia chumbani kwetu, nikafungua sanduku la Mama, nikabeba vitenge vyote nilivyovikuta. Nikavitandaza juu ya mizabibu kimoja kimoja, mawe yakinipiga kichwani, makubwa kama mayai ya njiwa.

Ilipopita, nusu ya zabibu ilikuwa chini. Ule upande wa vitenge ulikuwa umesalia. Mzee alinishika mikono yote miwili, akawa anasema kwa lugha yake.

Ndipo nikaona kitenge cha mwisho, cha bluu chenye ndege weupe. Kimetobolewa kama chujio.

Baba yangu, Octave, alikufa Bukavu mwaka elfu mbili na kumi na nne. Makaratasi yetu ya ukimbizi hayaruhusu kurudi. Mazishi tuliyaona kwenye simu ya shangazi, mtandao ukakatika jeneza likiwa bado juu. Familia ilikuwa imenunua kitenge cha matanga, wote sare moja, na wakamtumia Mama kipande chake kwa mtu wa basi. Kilimfikia msiba umekwisha. Hakukivaa hata siku moja. Angekivalia wapi?

Mama alirudi kutoka kanisani, akakikuta kwenye waya kinachuruzika. Akakitoa, akakikamua, akakikunja. Nikamwambia, "Mama, unisamehe, sikuangalia." Akaingia ndani.

Jumatatu, 9 Januari

Mama amekula peke yake. Mzee ameokota majani yaliyochanika mpaka giza.

Jumapili, 12 Februari

Nyumba zimechomwa mitaa ya juu. Watu wanasema ni nyumba za wauza dawa na wauza miili, wengine wanasema tu "za wageni," na maneno hayo mawili yanafika haraka sana kuwa moja. Sikwenda saluni. Tumefunga mlango, Mama ameweka masanduku nyuma yake.

Saa nne nilichungulia. Mzee Asen alikuwa amebeba kiti chake cha plastiki, ameketi katikati ya geti, koti la suti juu ya pajama, akiwaangalia wanaopita. Amekonda sana hivi sasa, upepo ungemwondoa. Nilimfuata nikamwambia, "Mzee, ingia ndani, utafanya nini wakija?"

"Nitawauliza wanatafuta nani."

"Na wakikuambia wanatutafuta sisi?"

"Nitawaambia hapa mgeni ni mimi, waanze na mimi."

Hawakuja. Alikaa pale hadi jioni. Mama alimwangalia kupitia pazia kutwa nzima. Jua lilipozama alitia ugali jikoni, akapika na uji mwepesi wa mtama pembeni, akaupeleka getini mwenyewe, akampa mkononi. Ndiyo mara ya kwanza namwona akimpa kitu. "Muzee, kunywa. Iko laini." Halafu akarudi, akaniambia bila kunitazama, "Ule mutu haiko na mutu wa kumukalia pembeni. Si vizuri."

Ijumaa, 24 Februari

Mvua. Mwaka jana mji mzima uliomba mvua, makanisa yalifunga na kusali kwa ajili ya mvua. Sasa mimi peke yangu naomba ikome. Ngozi ya gamza ni laini na punje zake zimebanana kishadani kama abiria, maji yakiingia katikati hayatoki.

Jumatatu, 27 Februari

Mvua.

Jumanne, 28 Februari

Ukungu wa kijivu, wa kuozesha. Vishada vinne, jioni vimeshakuwa zaidi ya kumi. Mzee alitumbukiza punje mdomoni, akaitema. "Bado haijaiva. Ilitaka siku zingine za jua." Akapangusa mdomo. "Lakini siku hizo hatupewi. Kesho tunakata."

Jumatano, 1 Machi

Tumekata. Mimi nimekata, yeye amechagua, punje kwa punje, ametoa kila iliyooza kwa ncha ya kisu. Mikono inamtetemeka lakini kisu hakitetemeki. Zilizosalia hazikujaza hata pipa la plastiki la kufulia. Nikaosha miguu, nikakanyaga. Mbegu zinakwaruza, juisi ni baridi hadi mifupani. Mama alipita na Biblia kwapani, akasimama.

"Unakanyaga bibaya," akasema. "Kisigino, Carmel. Kisigino njo inafanya kazi." Akaenda zake.

Mzee, anayesema njo yetu ni ndiyo iliyovunjika, akacheka hadi akashika koo.

Jumapili, 5 Machi

Inachacha. Ukitega sikio kwenye pipa inasikika kama mvua ndogo. Mzee anataka kiti chake kihamishwe gereji.

Jumapili, 19 Machi

Tumeikamua na kuitia kwenye damejani, ile chupa kubwa yenye tumbo iliyosukiwa vijiti. Na sisi tunaiita hivyohivyo. Yake ilitoka kwa babu yake, imevuka maji na Dodoma mpaka hapa. Divai imefika nusu tu. Rangi yake ni hafifu hata kuliko ile ya Krismasi.

"Nyepesi," akasema, akiinua taa nyuma yake. "Kama ya kwetu mwaka wa mvua. Ni sawa. Divai nzito husubiriwa, hii Mei itakuwa tayari. Inanifaa, sina subira nyingine." Halafu akanishika kifundo cha mkono. "Mimi nikizidiwa, wewe uilinde. Usitie kitu chochote. Sukari, dawa, hata maji, usitie. Itamalizika yenyewe."

Niliahidi. Nilimwahidi Mzee, lakini sikumwambia Mama kwamba nimeahidi. Ningemwambia kwa nini? Yeye na divai walishaachana.

Jumanne, 11 Aprili

Wamempeleka hospitali, hata mate hayapiti tena. Baridi imekuja mapema. Gereji ni kama friji. Damejani imenyamaza, haitoi hata povu moja, na nikionja kwa kidole bado ina utamu wa juisi. Nimeizungushia blanketi langu. Nilimuuliza Mzee kitandani, "Imelala, nifanyeje?" Hakunisikia, wamemchoma sindano ya maumivu.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Mwaka huu Pasaka yao na yetu zimeangukia siku moja. Wamemrudisha Mzee nyumbani jana. Hawakusema wamemrudisha kufanya nini, tumeelewa wote. Nesi anakuja asubuhi na jioni.

Niliamka mapema nimchemshie mayai ayaone mekundu, kwao wanayapaka rangi. Nikapitia gereji. Blanketi lilikuwa limefunguliwa. Damejani ilikuwa inaunguruma, povu la kahawia limepanda hadi mdomoni na linatiririka juu ya vijiti. Divai ile ambayo ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake ilikuwa uji. Chini sakafuni kulikuwa na pakiti ya spaza, duka la mtaani: ule unga wa mtama uliooteshwa ambao Wazulu wanapikia pombe yao.

Mama alikuwa jikoni ananyoosha nguo za kanisani.

"Mama, umetia nini mule?"

"Mtama. Niliukaanga kwanza." Alisema kwa sauti ya mtu anayengoja ashukuriwe. "Ilikuwa imelala, Carmel. Siku zote uko unaizungukia unalia. Kasiksi ikilala unaiamusha na mtama, hata mutoto anajua. Angalia sasa, inachemuka."

"Ile si kasiksi!"

"Pombe ni pombe."

"Aliniambia nisitie kitu! Aliniomba kitu kimoja! Ile ilikuwa ya kaburi la mke wake, Mama, ndiyo iliyobaki, hakuna nyingine, na mwaka ujao hayupo! Umeiua!" Nikamwambia na mengine. Nikamwambia kinyongo chake cha kitenge kimemfikisha hapo. Nikamwambia Mungu wake anamkataza kuionja lakini hakumkataza kuiharibu. Maneno yalikuwa yanatoka na mimi nayasikia kama ya mtu mwingine, na bado nikayatoa yote.

Mama aliweka pasi chini. Alionekana mzee. "Niliona haiko na mutu wa kumusaidia," akasema. "Mikono yangu njo hiyo tu inajua. Nilivunja ahadi yangu na Mungu juu yake." Akaketi. Nguo za kanisani zilibaki pale, na hakwenda.

Mimi sikumwomba msamaha. Nilipita.

Jumatatu, 17 Aprili

Sijamwambia Mzee. Ameuliza kwa macho. Nikasema, "Inaendelea."

Jumapili, 23 Aprili

Asubuhi Mama aliingia chumbani kwa Mzee kabla yangu. Nilimkuta amepiga magoti pembeni ya kitanda, na kikombe mkononi. Alikuwa ameichuja kwa kitambaa, lakini ilibaki na rangi ya tope jekundu.

"Muzee," alisema, "mimi njo niliharibu vino yako. Carmel hana makosa. Nilitia mtama. Nilizania ni kama ya kwetu. Unisamehe."

Mzee alimgeukia. Akaonyesha kijiko. Mama akachota kidogo kabisa, akamlowesha ulimi.

Uso wake ulijikunja wote. "Mbaya," alinong'ona. Akapumua. "Mbaya sana, Mama Brigitte." Hata jina la Mama alikuwa analijua. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani maumivu yamemshika, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka. Machozi yakamtoka akicheka, na Mama akacheka akilia, na mimi nimesimama na sahani ya mayai mekundu, yale ambayo siku ya Pasaka sikuyachemsha.

Akaonyesha kijiko tena.

"Iko hai," akasema baada ya cha pili. "Radka... atagomba." Kisha alilala. Midomo yake ilibaki na wekundu.

Nilipokuwa natoka nilirudi mlangoni. Sijui kwa nini siku hiyo. Nikasema, "Shikamoo, Mzee."

Macho hayakufunguka. "Marahaba, binti," akasema. "Marahaba."

Jumanne, 25 Aprili

Amekufa saa moja asubuhi. Mama alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa naweka maji ya chai.

Jumamosi, 29 Aprili

Tumemzika kando ya Radka. Elena amekuja kutoka Sofia, mwanamke mpole, macho ya baba yake. Padri wao, Wabulgaria wachache wazee, mimi, na Mama. Mama amevaa kitenge cha bluu chenye ndege weupe. Matundu yote ameyashona kwa mkono, uzi mweupe. Hakuniambia kwamba alikuwa anashona, ameshona kila usiku akiwa haongei nami, na mimi nilidhani amekitupa.

Nilimwambia pale makaburini, "Mama, yale maneno ya Pasaka." Akasema, "Yameisha." Yaliisha kwake. Kwangu bado.

Jumamosi, 6 Mei

Mwaka wa Radka. Elena alinunua divai nzuri dukani, ya hapa nchini, nyekundu ya kufaa. Mama alibeba chupa ya soda iliyojaa ile yetu. Nilimnong'oneza, "Mama, usitutie aibu." Elena akaiona, akauliza ni nini. Nikamweleza yote, nikitegemea achukie. Alifunika chupa yake ya dukani, akairudisha mkobani. "Hii ndiyo ya nyumbani," akasema kwa Kiingereza.

Alimwaga yeye kwanza, msalaba juu ya Radka, msalaba juu ya baba yake. Mtama ulibaki juu ya udongo kama pumba. Akampa Mama chupa amalizie, kwa heshima tu, nadhani.

Mama hakumwaga pale. Alisogea pembeni, penye nyasi ambako hakuna aliyelala, akavua viatu. Akainama na kitenge chake cha viraka.

"Octave," akasema. "Nimechelewa. Hii ni yako. Ni mbaya, lakini njo mimi niliitengeneza."

Akamimina polepole hadi tone la mwisho, akabaki ameinama. Sikuwahi kumwona akimlilia baba yangu. Miaka yote hii nilidhani wokovu umemkausha. Nikapiga magoti karibu naye, nikalia kwa sauti, bila haya, kama wanavyolia kwetu, na Elena akatushika mabega sote wawili.

Jumapili, 14 Mei

Nyumba imepata mnunuzi. Mwisho wa Juni tuhame, tumepata chumba Doornfontein, ghorofa ya tano. Mnunuzi ni fundi wa magari, atamwaga saruji uwanja mzima wa nyuma. Elena aliniambia akitazama chini.

Leo Mama hakwenda kanisani. Nilimkuta nje tangu alfajiri, amelaza tawi la kwanza chini, anarundika udongo juu ya shina kwa sepetu ya Mzee.

Nikamwambia, "Mama, watamwaga saruji. Hakuna atakayekuja kuufukua."

"Najua."

"Sasa unauzikia nini?"

Aliendelea kurundika. Udongo ulikuwa mzito bado kwa mvua za msimu. "Baba yako, hakuna kati yetu sisi wa hapa aliyemutupia udongo," akasema. "Hata kiganja kimoja. Leta jembe, Carmel."

Nikaenda gereji kulileta.